Dini Zilizoingia kwa Ujirani: Historia ya Imani Kandokando ya Mto Tana

Mwezi Mei 1886, katika kituo cha misheni cha Golbanti, kando ya Mto Tana na si mbali na ulipo mji wa Garsen leo, mchungaji Mwingereza John Houghton na mkewe Annie waliuawa pamoja na baadhi ya watu wa kituo. Waliowaua walikuwa wapiganaji wa Kimaasai waliokuja kuvamia. Hawakuwa Waorma, watu ambao Houghton na mkewe walivuka bahari kuja kuwahubiria.

Waorma, ambao maandishi ya Wazungu wa enzi hizo yaliwaita Wagalla, jina wasilolitaka wenyewe, walikuwa wameombewa na Wamethodisti wa Uingereza kwa zaidi ya miaka 20. Pesa zilichangwa kwa ajili yao, vitabu vikaandikwa, watu wakafa. Kufikia katikati ya karne ya 20 Waorma walikuwa wameshika dini mpya kweli, karibu wote, lakini dini hiyo ilikuwa Uislamu. Hakuna chama kilichoundwa Makka wala Kairo kwa ajili yao. Na Wapokomo, wakulima wa ukingoni ambao katika mipango ya mwanzo ya wamishenari walikuwa watu wa kupitiwa tu njiani, ndio waliojenga makanisa kutoka kijiji hadi kijiji katika Tana ya chini.

Kwa nini iwe hivyo? Wanahistoria wametoa sababu nyingi: vita, biashara, ukoloni, ndoa. Zote zina uzito wake. Lakini anayezisoma habari za mto huu tangu miaka ya 1840 mpaka jana ataona jambo moja likijirudia: imani ilikaa pale mwenye imani alipokaa. Alipokuja na hotuba kisha akaondoka, maneno yake aliondoka nayo. Alipolima, akauguza, akakopesha, akaoa na akazika pamoja na wenyeji, watu walimtazama kwa miaka, kisha wakaamua wenyewe.

Hamu ya kuwafikia Waorma ilianzia mbali. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumikia chama cha Kianglikana cha CMS, alikuwa kwanza Shoa, Ethiopia, ambako alikutana na Waoromo, ndugu wa Waorma kwa lugha na asili. Aliandika sarufi ya lugha yao na kuanza kutafsiri Injili. Alipofungiwa mlango wa kurudi Shoa mwaka 1842, alitafuta mlango mwingine kutoka pwani ya Kusini. Ndivyo alivyofika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache baadaye mkewe Rosine alifariki, na mtoto wao mchanga akamfuata. Krapf hakurudi nyuma. Aliwaona Waoromo kuwa taifa kubwa ambalo likiamini litavuta bara zima, na alitaka hata nchi yao iitwe Ormania.

Ni rahisi kuuona ushujaa wa mtu huyu, na unastahili heshima. Hata hivyo mpango wake ulikuwa na kasoro moja kubwa. Watu walikuwa wamekwisha kupangiwa kazi katika historia ya wokovu kabla hawajaulizwa habari zao. Wamethodisti wa kundi la United Methodist Free Churches walipovutwa na maandishi ya Krapf na kufungua kituo cha Ribe mwaka 1862, waliirithi ndoto hiyo jinsi ilivyo. Thomas Wakefield na Charles New walifunga safari kwenda kwa Waorma katika miaka ya 1860, wakapokewa, wakazungumza na wazee, wakarudi Ribe. Safari nyingine ikafuata, na nyingine. New alifariki mwaka 1875. Kituo cha kudumu katika nchi yenyewe ya Waorma hakikuwepo mpaka Golbanti ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1880.

Na wakati huo Waorma wenyewe walikuwa katika msiba. Katika miaka ya 1860 walipigwa vibaya na Wasomali waliotoka kaskazini, huku Wamaasai wakiwavamia kutoka magharibi. Mifugo ilitekwa, wanawake na watoto wakachukuliwa. Wengi waliishi miaka mingi chini ya koo za Kisomali ng'ambo ya mto, na wazao wao ndio sehemu kubwa ya watu wanaojulikana leo kama Wawardei. Taifa lililosifiwa na Krapf kwa nguvu zake lilikuwa linahangaikia uhai wake.

Kwa wafugaji wanaohama na mvua, kituo chenye kengele na ratiba hakikuwa na mengi ya kuwafaa. Waorma walikuja Golbanti, wakakaa, wakaondoka na ng'ombe wao. Waliobaki kuitazama nyumba ya mmishenari asubuhi na jioni, masika na kiangazi, walikuwa Wapokomo.

Mwaka uliofuata kifo cha akina Houghton, 1887, kundi jingine liliwasili mtoni. Hawa walikuwa Wajerumani wa Misheni ya Neukirchen, chama kidogo kilichoanzishwa mwaka 1882 na mchungaji Ludwig Doll, ambaye miaka minne kabla alikuwa amefungua nyumba ya mayatima katika mji huohuo. Neukirchen haikuwa na matajiri nyuma yake. Wamishenari wake walikwenda bila mshahara wa uhakika, wakitegemea sala na sadaka zitakazokuja zikija. Ferdinand Würtz na wenzake waliweka makao Ngao, kijiji cha Wapokomo jirani ya Golbanti, na huko wakaanza kazi ambayo haikuwa na mvuto wowote wa kusimuliwa katika mikutano ya Ulaya: kukaa.

Kukaa Ngao kulikuwa na maana yake. Tana ni mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, na katika tambarare za chini hufurika mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za masika na za vuli. Mafuriko ndiyo yaliyotia rutuba mashamba ya mpunga, mahindi na ndizi, na mafuriko hayohayo yalizoa vijiji. Mbu hawakumpa mtu nafasi. Mto wenyewe haukutulia mahali pamoja: mfereji wa Belezoni, uliochimbwa karne ya 19 kuunganisha Tana na Ozi, ulipanuka mpaka ukauchukua mto mzima na kuutolea baharini Kipini. Mtu aliyeamua kuishi hapo ilimbidi ajue mambo ambayo Wapokomo pekee ndio waliokuwa wakiyajua: mtumbwi unavyopelekwa kwa upondo, mamba wanapolala, shamba la kupanda maji yakipungua na la kuacha.

Würtz alijifunza Kipokomo, akakusanya maneno na sarufi yake na kuyachapisha Ujerumani, na sehemu za Biblia zikaanza kutoka kwa Kipokomo katika miaka ya 1890. Uamuzi huo ulikuwa mkubwa kuliko unavyoonekana. Kiswahili kilikuwa karibu, kilikuwa lugha ya Lamu na Kipini, na Mpokomo alikielewa bila taabu kwa kuwa lugha hizo mbili ni ndugu wa damu. Ingekuwa rahisi kutumia vitabu vya Mombasa. Kuchukua lugha ya wakulima ambayo hakuna dola iliyokuwa inaitumia, na kuiandika herufi kwa herufi, kulimwambia Mpokomo jambo ambalo mahubiri yasingeweza kumwambia. Alice Werner, mtaalamu wa lugha kutoka Uingereza aliyefika Tana kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kuchapisha makala juu ya Wapokomo na hadithi zao mwaka 1913, alikuta tayari kuna msingi wa maandishi wa kujengea.

Hata hivyo, sifa ya kanisa la Tana ya chini si ya Wajerumani peke yao, na pengine si yao hasa. Vita vya 1914 vilipozuka, Wajerumani katika ardhi ya Waingereza walikuwa maadui. Waliondolewa kazini. Walirudi baada ya vita, kisha Vita vya Pili vikawaondoa tena, na baadaye Wamethodisti wakaichukua kazi yao. Kila mara mmishenari alipoondoka, mtu angetazamia kanisa life, maana ni mti uliopandwa na mgeni na mgeni hayupo. Halikufa. Walimu wa Kipokomo waliendelea kufundisha watoto kusoma, wakiwa na mashamba yao kama watu wengine, wakila walichokila majirani na kulala njaa majirani walipolala njaa. Mwalimu wa kijiji hakuweza kuhubiri jambo Jumapili akalivunja Jumatatu bila kijiji kizima kujua, kwa sababu shamba lake lilipakana na la mtu aliyekuwa akimsikiliza. Hapo ndipo Ukristo wa Tana ulipoota mizizi, na ni masikitiko kwamba vitabu vingi vya misheni vina picha za Wazungu waliokaa miaka mitano na havina hata majina ya walimu waliofundisha miaka 40.

Ukipanda mto kutoka Garsen kuelekea Hola na kuvuka, lugha haibadiliki sana lakini misikiti inazidi. Wapokomo wa juu, Wazubaki, Wandura, Wagwano, Wandera na wenzao, ni Waislamu kwa wingi mkubwa. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Robert Bunger, aliandika kitabu kizima mwaka 1973 kuhusu jinsi walivyosilimu, na habari hizo zinastahili kujulikana zaidi Afrika Mashariki.

Uislamu ulikuwa mlangoni pa Tana kwa karne nyingi kabla ya hapo. Lamu, Pate, Kipini na Kau ilikuwa miji ya Waislamu, na wafanyabiashara wao walipanda mto kwa mitumbwi wakitafuta pembe na nafaka. Lakini kwa muda mrefu mji haukuwa na haja ya kuwasilimisha watu wa bara. Mstaarabu wa mjini alimdharau mtu wa mtoni, ambaye alikula nyama ya kiboko na mamba. Dharau si mahubiri mazuri. Kilichobadilisha hali ni watu wa aina nyingine: waalimu wa chuo, wachuuzi wadogo, mafundi, watu wasiokuwa na cheo, waliopanda mto na kukaa katika kijiji kimoja kwa miaka. Mwalimu alifundisha watoto herufi chini ya mwembe. Aliandika kombe kwa wagonjwa. Alioa binti wa hapo. Mtu akifa aliosha maiti, akamvika sanda na kumsomea, na kijiji kiliona maiti wa Kiislamu anavyoheshimiwa, awe tajiri awe fukara, kwa nguo ileile nyeupe.

Tena kusilimu kulimpa Mpokomo hadhi mbele ya watu waliomdharau. Msomali au Mswahili aliyekuwa hali chakula chake sasa alikaa naye sinia moja. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni sababu ya kidunia, si ya imani. Makala haya hayakubaliani nao. Mtu aliyenyimwa heshima kwa vizazi, akiona dini inayompa nafasi katika safu moja ya sala bega kwa bega na aliyemdharau, ameonyeshwa jambo la kweli kuhusu dini hiyo.

Kisiwani Lamu kulikuwa na mtu aliyelijua jambo hili kuliko wengi. Sayyid Swaleh bin Alwy, ambaye pwani yote inamwita Habib Swaleh, alitoka Ngazija akaja Lamu akiwa kijana katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Ukoo wake wa kisharifu ungemruhusu kukaa na waungwana wa mji wa mawe. Yeye alichagua kukaa pembezoni, na waliomzunguka walikuwa watumwa na wazao wao, mafukara na wageni wasio na ukoo. Aliwafundisha elimu ambayo wakubwa wa mji waliona haiwahusu. Aliwaletea maulidi ya kusomwa kwa dufu na sauti, akalaumiwa kwa hilo. Alitibu wagonjwa kwa dawa za miti. Msikiti wa Riyadha aliouanzisha mwanzoni mwa karne ya 20 uligeuka chuo kikubwa, na wanafunzi wake walitoka si visiwani tu bali pia bara, mpaka kingo za Tana, wakarudi makwao wakiwa waalimu. Habib Swaleh alifariki katikati ya miaka ya 1930. Mji uliomlaumu sasa hujaa wageni kila mwaka kwa maulidi yake.

Waorma walisilimu kwa njia yao. Wengi walikuwa wameishi na Wasomali kwa kulazimika. Katika utawala wa Waingereza, hasa baada ya mapatano ya mwaka 1919 kati ya Waorma na Wasomali, kundi kubwa lilivuka kurudi magharibi ya mto na kuungana na ndugu zao, na walirudi wakisali. Ndugu waliobaki upande huu walikuwa bado na taratibu za gada, mfumo wao wa marika na uongozi, na sala kwa Waqa, Mungu wao wa jadi. Hapakuwa na mkutano wa hadhara wala mdahalo. Palikuwa na shangazi aliyerudi na tasbihi, mpwa aliyefunga Ramadhani huku akichunga katika jua kali, mkwe asiyegusa nyama ambayo haikuchinjwa kwa jina la Mungu. Utaratibu wa gada ulififia, na katika muda wa kizazi kimoja na nusu Waorma walikuwa Waislamu.

Jean Ensminger, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti miaka mingi katika kijiji cha Wayu, bara ya Hola, alilitazama suala hili kwa jicho la biashara. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba Uislamu uliwapa wafugaji na wachuuzi njia ya kuaminiana. Anayeuza ng'ombe kwa mkopo kwa mtu atakayewapeleka soko la mbali anahitaji kujua kama atalipwa. Mtu anayesimama kusali mara tano kwa siku mbele ya wenzake, anayefunga mwezi mzima pasipo mtu wa kumchunga porini, anayetoa zaka katika mali yake, ameonyesha kwamba anamcha asiyemwona. Mtu huyo anakopesheka.

Hoja ya Ensminger ni ya kiuchumi, na muumini anaweza kuiona nyembamba. Ukiisoma kwa makini inathibitisha lile ambalo masheikh na wachungaji wamelisema siku zote: mwenendo wa mtu ndio ushahidi wake wa kwanza. Mchuuzi aliyekopa ng'ombe 10 na kurudi na fedha zote msimu uliofuata aliusemea Uislamu kuliko msomaji mzuri wa hotuba.

Isidhaniwe kwamba historia ya Tana ni ya upole mtupu. Wanawake wa Kiorma waliosilimu nyumbani kwa waliowateka hawakuanza kwa hiari. Kau ilifanya biashara ya watumwa, na misitu ya usultani wa Witu ilijaa watoro waliokimbia mabwana waliokuwa Waislamu wenzao. Upande wa Wakristo, misheni ilikuja kivulini mwa dola: Wajerumani waliitangazia Witu himaya mwaka 1885, Waingereza wakaichoma mwaka 1890. Watu wa mtoni walijua nani ana bunduki.

Na kuna Ngadji. Ngoma hii kuu ya Wapokomo, iliyokuwa chini ya wazee wa chama kiitwacho kijo, haikupigwa ovyo na haikuonwa na kila mtu. Sauti yake ilikuwa sauti ya mamlaka na ya ibada. Maafisa wa kikoloni waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo imo katika hifadhi ya British Museum, London. Wazee wa Kipokomo wameiomba irudi. Imani ya wazee hao nayo ilikuwa imani, ilitunza misitu na kuamua kesi kwa karne nyingi, na haikushindwa kwa hoja wala kwa mfano mwema. Ilinyang'anywa chombo chake. Anayetaka kusifu dini mbili zilizokuja hana budi kuliweka jambo hili mezani.

Ajabu ni kwamba kitu kimoja cha Wapokomo kilipita katika dini zote na mipaka yote bila kusukumwa na mtu. Kamati iliyotunga wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963 ilichukua lahani ya wimbo wa akina mama wa Kipokomo wa kubembelezea watoto, ikaitilia maneno ya kumwomba Mungu. Kila asubuhi ya gwaride, watoto wa Kiislamu, wa Kikristo, wa Kihindu na wasio na dini huimba sala kwa sauti ya mama wa Tana.

Maandiko ya dini zote mbili yanaijua njia hii ya kuvuta watu kwa mwenendo. Surat Al-Baqara, katika aya ya 256, inakataza kulazimishana katika dini. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya tatu, unawaambia wake kwamba waume wasioamini wanaweza kuvutwa pasipo neno, kwa kuutazama mwenendo tu. Charles de Foucauld, padri Mfaransa aliyeishi na kufa mwaka 1916 kati ya Watuareg wa Tamanrasset, hakuacha kundi la waongofu, na bado Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2022.

Karibu zaidi na Tana, katika Kenya hiihii, aliishi mwanamke aliyefuata nyayo zake. Annalena Tonelli, mwanasheria kutoka Forlì, Italia, alikuwa Wajir tangu mwanzo wa miaka ya 1970 akiwahudumia Wasomali wenye kifua kikuu. Hakuwa mtawa wala daktari alipoanza. Wafugaji hawangeweza kulala hospitali miezi 18 na kuacha mifugo, hivyo yeye na wenzake walianzisha kijiji cha vibanda ambapo mgonjwa alikaa na kunywa dawa mbele ya mwangalizi kwa muda mfupi zaidi, mtindo ambao baadaye ulitambuliwa na Shirika la Afya Duniani. Alisoma Korani ili awaelewe wagonjwa wake. Mwaka 1984, baada ya mauaji ya Wasomali mahali paitwapo Wagalla, huko Wajir, alikusanya majeruhi na kuzika maiti, akasaidia dunia ijue kilichotokea, na kwa hilo akaondolewa Kenya. Aliendelea na kazi Somalia, kisha Borama, Somaliland. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nansen ya kuhudumia wakimbizi, na Oktoba mwaka huohuo akapigwa risasi na kuuawa katika hospitali aliyoijenga. Alikuwa Mkristo peke yake mahali palipojaa Waislamu, na hakumtaka mtu yeyote abadili dini.

Kipimo kikali zaidi cha mfano mwema kilikuja nyumbani. Mnamo 22 Agosti 2012, kijiji cha Riketa katika delta kilivamiwa alfajiri na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto wa Kiorma. Septemba ikaja zamu ya Kilelengwani, kijiji cha Wapokomo, ambako waliokufa walikuwa 38, tisa kati yao polisi. Kisa kilikuwa ardhi, mipaka ya mashamba na malka, zile njia ambazo ng'ombe hupitia kufika majini. Zamani, baada ya mavuno, Mpokomo alimruhusu Mworma kulisha ng'ombe katika mabua, na samadi ikabaki shambani. Mapatano hayo yalikuwa yamevunjika, kama yalivyovunjika mwaka 2001. Kufikia Januari 2013 waliokufa walikuwa wamezidi 100.

Na huu ndio ukweli mchungu kwa msikiti na kwa kanisa: Wapokomo wa Kilelengwani na Ozi kwa sehemu kubwa ni Waislamu, na Waorma ni Waislamu. Walioshambuliana walikuwa wameelekea kibla kimoja. Dini iliyoingia kwa kuishi vizuri na jirani haikumlinda jirani, kwa sababu ujirani wenyewe ulikuwa umeachwa ufe.

Waliojaribu kuufufua walifanya hivyo kwa njia ya zamani. Baraza la viongozi wa dini wa Pwani, CICC, ambalo liliundwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ambalo machafuko ya Tana ya wakati ule yalikuwa kati ya shughuli zake za kwanza, linawakusanya Waislamu, Wakristo, Wahindu na wafuasi wa dini za jadi. Sheikh na mchungaji kupanda gari moja mpaka Garsen, kukaa mkeka mmoja na wafiwa wa pande zote mbili, kulionyesha watu jambo ambalo waraka wa amani kutoka Nairobi haungeweza kulionyesha. Kazi hiyo haijaisha. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024 yalipowahamisha watu tena, waumini wa dini zote walijikuta kwenye makambi yaleyale ya miinuko, wakisubiri maji yaleyale yashuke.

Historia hii iko hatarini kupotea, kwa sababu watu waliofundisha kwa mwenendo hawakuandika vitabu. Majina ya walimu wa Kipokomo walioshika shule za Ngao, Golbanti na Kulesa wakati wa vita viwili yamo vichwani mwa wajukuu wao. Waalimu wa chuo waliopanda mto kutoka Riyadha wanakumbukwa katika dua za vijiji vyao, na wazee wa Kiorma waliosikia kwa wazazi wao jinsi saumu ya kwanza ilivyofungwa wanazidi kupungua. Serikali ya Kaunti ya Tana River, makanisa, misikiti na Makumbusho ya Taifa ya Kenya washirikiane kurekodi sauti hizo sasa. Nawe msomaji wa Garsen, Ngao, Hola au Kipini, ukiwa na barua, picha, kitabu cha zamani cha Kipokomo au msahafu wa babu wenye maandishi pembeni, usikitupe na usimwachie mchwa. Kipeleke Makumbusho ya Lamu kinakiliwe, na jina la mwenyewe liandikwe juu yake.